Historia Iliyohesabu Ugomvi Ikaisahau Kazi

Tarehe 2 Julai 1939 mashabiki wapatao 200 wa hadithi za kubuni za kisayansi walikusanyika Caravan Hall, jijini New York, kwa mkutano walioupa jina kubwa la kongamano la dunia. Mambo mawili ya siku ile yanasimuliwa hadi leo. Mlangoni, vijana sita wa kundi lililoitwa Futurians walizuiwa kuingia, kwa sababu waandaaji, akiwamo Sam Moskowitz, walihofia wangeleta vipeperushi na siasa zao za mrengo wa kushoto. Ndani ya ukumbi, Forrest Ackerman, kijana wa miaka 22 kutoka Los Angeles, alitembea amevaa joho na suruali ya mtu wa karne zijazo, vazi lililofuata michoro ya Frank R. Paul katika majarida ya wakati ule na mavazi ya filamu ya Things to Come ya mwaka 1936.

Kisa cha mlangoni kimeandikwa hadi kimechujuka. Moskowitz mwenyewe alitunga historia nzima ya mashabiki, The Immortal Storm, iliyotoka kama kitabu mwaka 1954, na masimulizi yake yanapanda hadi kufikia kongamano lile na ugomvi wake. Nani alimfukuza nani, nani alijitoa katika klabu ipi, nani aliandika waraka wa kumshambulia nani: yote yamo. Kisa cha vazi kimeachiwa sentensi moja, kwamba Ackerman ndiye baba wa desturi ya kuvaa kama wahusika wa hadithi, ambayo leo inajaza kumbi Tokyo, San Diego na hata Nairobi. Lakini vazi lile lilibuniwa na kushonwa na mwanamke. Naye alikuwa ukumbini siku hiyohiyo, amevaa la kwake alilojishonea.

Aliitwa Myrtle Douglas. Mashabiki walimjua kwa jina la Morojo, alilolipata kwa kusoma herufi za mwanzo za majina yake kwa matamshi ya Kiesperanto, lugha ya kimataifa ya kubuniwa aliyoipenda kwa dhati. Alizaliwa mwaka 1904, kwa hiyo aliingia ukumbini akiwa na miaka 35, katikati ya vijana ambao wengi walikuwa ndio kwanza wametoka shule. Katika maandishi mengi ya baadaye, anapotajwa, anatajwa kama mpenzi wa Ackerman, basi. Ukitazama alichokifanya unashangaa maelezo hayo yaliwezaje kutosha. Kuanzia 1939 hadi 1947, yeye na Ackerman walitoa matoleo 50 ya Voice of the Imagi-Nation, jarida lililojazwa barua za mashabiki, na lilivuka vita kuu ya pili ya dunia bila kufa. Alikuwa na jarida lake mwenyewe la Guteto, kuhusu Kiesperanto, aliloendelea kulichapa hadi 1958. Ndugu yake, aliyejiita Pogo, mwaka 1940 alitoa STF-ETTE, jarida la mashabiki wa kike. Mwaka 1941 kongamano lilipofanyika Denver, Morojo alitokea na barakoa ya kiumbe mwenye sura ya chura, iliyotengenezwa na Ray Harryhausen, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa ufundi wa vitisho vya sinema.

Hoja yangu ni kwamba historia ya awali ya mashabiki hawa iliandikwa kwa kipimo cha ugomvi. Shabiki wa kukumbukwa alikuwa yule aliyeanzisha kundi, akalivunja, akamtukana mwenzake kwa maandishi. Wanawake wachache waliokuwamo walifanya sehemu kubwa ya kile kilichowezesha makundi hayo kuwapo: kuchapa, kutuma, kushona, kujibu barua, kukaribisha watu. Waandishi wa historia walikiona wakakiita msaada.

Tuangalie kazi yenyewe. Jarida la mashabiki la enzi hizo halikupelekwa kiwandani. Lilichapwa kwa stensili, na waliosoma shule zetu kabla ya kompyuta, wakafanya mitihani iliyonuka wino wa mashine ya kudurufu, wataelewa mara moja. Unatoa utepe kwenye taipureta ili herufi zikate moja kwa moja kwenye karatasi yenye nta. Ukigonga kwa unyonge herufi haitoki. Ukigonga kwa nguvu mno, duara la herufi "o" linakatika na kubaki tundu ambalo wino utajaa. Ukikosea, unapaka dawa ya kuziba, unangoja ikauke, unapiga tena. Ukurasa ukikamilika unauvika kwenye mashine, unazungusha, nakala moja baada ya nyingine, upande wa kwanza halafu wa pili, huku ukiomba karatasi isikwame. Kisha unapanga kurasa, unabana pini, unaandika anwani, unabandika stempu. Kwa ukurasa wa barua za wasomaji, mchapaji ndiye anayeamua kipi kikatwe, kipi kibaki, nani ajibiwe. Huo ni uhariri kamili. Wasichana wengi wa Marekani wa miaka ile walifundishwa taipureta ili wapate kazi za ofisini, na ujuzi huo ulipoingia katika klabu za mashabiki ulihesabiwa kama ulivyohesabiwa ofisini: mkono wa mtu mwingine.

Tukirudi nyuma kidogo, ushabiki huu ulizaliwa katika kurasa za barua. Mchapishaji Hugo Gernsback alipoanzisha jarida la Amazing Stories mwezi Aprili 1926, alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, wakajipa majina ya utani, wakaunda klabu za mji hadi mji, mwishowe wakasafiri kwenda kuonana uso kwa uso. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kutuma kadi za salamu redioni, akaingia katika chama cha salamu na kukutana na watu aliowajua kwa majina tu, hahitaji kuelezwa zaidi jinsi jamii inavyoweza kuota kutoka kwenye anwani zinazosomwa hadharani.

Katika safu hizo wanawake walikuwamo tangu mwanzo. Mwezi Juni 1927 Amazing ilichapisha hadithi ya Clare Winger Harris, iliyoshinda nafasi ya tatu na dola 100 katika shindano la jarida. Gernsback alimpongeza, na papo hapo akawaambia wasomaji kwamba kwa kawaida wanawake si waandishi wazuri wa hadithi za aina hii, kwa kuwa elimu na mwelekeo wao katika mambo ya sayansi ni finyu. Kwake, Harris alikuwa tukio la pekee. Utafiti wa Eric Leif Davin umeonyesha kwamba wanawake zaidi ya 200 walichapisha hadithi katika majarida ya fani hii kabla ya katikati ya miaka ya 1960. Mtu anayeendelea kuwaita wote hao tukio la pekee ameamua kutohesabu.

Mjadala wa wazi zaidi ulizuka katika safu ya barua za jarida la Astounding mwaka 1938 na 1939. Msomaji mmoja aliandika kwamba mahali pa mwanamke si penye jambo lolote la kisayansi. Kijana mwingine wa miaka 18, Isaac Asimov, ambaye bado hakuwa amejulikana kwa lolote, aliunga mkono: hadithi zipunguziwe wanawake wa kuzimiazimia na mapenzi yasiyo na kazi. Mary Byers akamjibu, na jibu lake bado linasimama. Alikubali kwamba hadithi zina upuuzi mwingi. Akasema dawa ya upuuzi huo ni kubadili namna wanawake wanavyoingizwa katika hadithi na kazi wanayopewa humo, si kuwapunguza. Asimov hakushawishika, akaandika tena. Lakini usome barua zote mbili bila kujua nani alikuja kuwa maarufu, kisha useme ni nani kati yao alikuwa anafanya uhakiki wa fasihi. Mimi naona ni Byers. Asimov alikuwa analalamikia wahusika wabovu waliotungwa na wanaume, halafu gharama ya ubovu huo akawapelekea wanawake.

Kuna simulizi moja inayopendwa sana kuhusu kipindi hiki, nayo inapaswa kurekebishwa. Husemwa kwamba wanawake walificha jinsia yao nyuma ya herufi za kwanza za majina ili wahariri wawakubali. Mfano unaotolewa kila mara ni mwandishi C. L. Moore, aliyeanza na hadithi ya "Shambleau" katika jarida la Weird Tales mwezi Novemba 1933. Catherine Moore alieleza mwenyewe kwamba alijificha kwa sababu ya mwajiri wake: alifanya kazi benki mjini Indianapolis, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na aliogopa kwamba benki ikijua ana kipato kingine itampunguza. Shabiki na mwandishi Henry Kuttner alimwandikia barua ya kumsifu akimwita bwana, akaja kugundua ukweli, na mwaka 1940 wakaoana. Wasomaji ndio waliojaza pengo la herufi mbili kwa kumfikiria mwanamume.

Lee Hoffman hakuficha hata herufi moja. Huyu alikuwa binti wa Savannah, Georgia, aliyeanza kutoa jarida la Quandry mwaka 1950 akiwa na miaka 18. Lilitoka kila mwezi, lilichekesha, na kwa haraka likawa jarida lililongojewa kuliko mengine, kiasi kwamba Walt Willis wa Belfast, mmoja wa wachekeshaji hodari wa ushabiki huo, aliandika safu yake humo. Kila mtu alidhani Lee ni mvulana, kwa sababu nani mwingine angeweza kutoa jarida la namna ile? Mwezi Septemba 1951 alijitokeza katika kongamano la New Orleans, na mashabiki waliokuwa wakiandikiana naye kwa miezi wakabaki vinywa wazi. Wasimulizi hukitaja kisa hiki kama kichekesho. Mimi nakiona kama jaribio safi kabisa la kupima kazi bila kujua jinsia ya mtendaji. Kazi ilipopimwa hivyo, mwanamke alishika nafasi ya kwanza.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka mkubwa, na sijui kwa nini hautajwi zaidi. Mashabiki walichangishana fedha kumleta Willis kutoka Belfast hadi Chicago kwa kongamano la 1952, kampeni ambayo baadaye ilizaa mfuko wa kudumu wa kuwavusha mashabiki Atlantiki. Kongamano hilo lilikusanya watu zaidi ya 800, umati ambao ushabiki haukuwa umewahi kuuona. Mwenyekiti wake alikuwa Julian May, mwenye miaka 21, ambaye Desemba iliyotangulia alikuwa amechapisha hadithi ya "Dune Roller" katika Astounding. Ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza kongamano la dunia. Fikiria mambo ya kupanga: hoteli, wageni wa heshima, mabanda ya wauza vitabu, karamu, na mamia ya vijana waliozoea kugombana kwa barua sasa wako chini ya paa moja. Kongamano lilifanyika likaisha salama. Na kwa kuwa liliisha salama, halikumpa mwanahistoria wa ugomvi kitu cha kuandika.

Uingereza ilikuwa na kisa chake, na hiki kinaniuma kuliko vyote. Mwaka 1954 lilianza Femizine, jarida la wanawake mashabiki, mhariri wake akiitwa Joan Carr, aliyejitambulisha kama askari wa kike nje ya nchi. Wanawake waliokuwa wametawanyika huku na huko, kila mmoja akiwa peke yake katika klabu ya wanaume, wakaandika humo. Wakajadili vitabu, wakachangamkiana, wakapata mahali. Mwaka 1956 ikatangazwa kwamba Joan Carr hakuwahi kuwapo. Alikuwa ni Sandy Sanderson, askari wa kiume aliyekuwa kambini Misri, aliyemtunga Joan ili kuwafanyia mzaha rafiki zake wa Manchester, na mzaha ukamkulia mikononi. Mwanamke mmoja, Frances Evans, aliijua siri. Wengine walidanganywa kwa miaka, katika jarida lililoahidi kuwa lao.

Wapo wanaokitaja kisa hiki kuthibitisha kwamba ushabiki wa wanawake ulikuwa wa kubuni hata katika jarida lake. Wanakisoma kichwa chini. Mhariri ndiye aliyekuwa wa uongo. Waandishi walikuwa wa kweli, na barua zao zilikuwa za kweli. Sanderson aligundua bila kukusudia kwamba palikuwa na wanawake wa kutosha wenye hamu ya kutosha kuliendesha jarida, ila hakuna aliyekuwa amewaita. Baada ya siri kufichuka, Ethel Lindsay, muuguzi Mskoti aliyefanya kazi London, akalifufua jarida lenyewe. Alikuwa pia na jarida lake, Scottishe, ambalo alilitoa kwa ustahimilivu wa kupendeza. Mwaka 1962 mashabiki walimpigia kura asafiri kwa fedha za ule mfuko wa Atlantiki, akaenda Chicago.

Kongamano hilohilo la Chicago lina upande wa pili. Wakati wa maandalizi, mwenyekiti wake alimwandikia Asimov, sasa mwandishi mashuhuri, akimwomba atoe mhadhara wa mzaha kuhusu faida za kuwafinya wanawake makalio. Alimwomba yeye kwa sababu tabia yake ya kuwashika wanawake bila ruhusa ilijulikana kwa wote na ilichukuliwa kuwa kichekesho. Mhadhara haukutolewa. Barua zimebaki, na mwandishi Judith Merril katika kumbukumbu zake ameandika jinsi Asimov wa ujana wake alivyoitwa mtu mwenye mikono mia. Anayeuliza kwa nini wanawake walikuwa wachache katika mikutano ya miaka ile aanzie hapo, kabla hajafika kwenye nadharia kuhusu akili za wanawake na mashine.

Kwamba walikuwa wachache sibishi. Klabu nyingi zilikutania kwenye vyumba vya wavulana, usiku, katika miji ambako msichana alihitaji ruhusa ya kutoka. Na wengi wa hawa ninaowataja walikuwa wazungu. Klabu ya mapema ya New York, Scienceers, ilikuwa na mwenyekiti Mmarekani mweusi, Warren Fitzgerald, na mikutano Harlem, lakini mlango huo haukubaki wazi kwa upana uleule. Uchache, hata hivyo, hauelezi usahaulifu. Leslie Perri alikuwa miongoni mwa wanachama waanzilishi wa chama cha majarida ya mashabiki cha FAPA mwaka 1937, na mwaka 1941 alichapisha hadithi ambamo mwanamke ndiye anayejitoa mhanga kuokoa chombo cha angani huku wanaume wawili wakiwa wameshikwa na hofu. Anajulikana zaidi kama mke wa kwanza wa mwandishi Frederik Pohl. Merril, aliyeolewa na Pohl baadaye, alipohamia Kanada aliikabidhi maktaba ya umma ya Toronto vitabu vyake mwaka 1970, na mkusanyiko huo sasa ni miongoni mwa hazina kubwa za fani hii duniani. Mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Hugo, tuzo kuu ya fani hii, alikuwa Elinor Busby, mwaka 1960, akishirikiana na wenzake watatu. Ushindi wake ulitokana na jarida la mashabiki, Cry of the Nameless, na bado watu wengi humtaja mwandishi wa hadithi Anne McCaffrey wa 1968 kama wa kwanza, kana kwamba tuzo ya kazi ya ushabiki si tuzo.

Pingamizi la mwisho ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba wanawake waliletwa na televisheni, yaani Star Trek ndiyo iliyowafungulia mlango mwaka 1966 na kabla ya hapo palikuwa na vumbi la wavulana tu. Ni kweli idadi ilipanda sana. Spockanalia, jarida la kwanza la mashabiki wa kipindi hicho, lilitolewa mwaka 1967 na wanawake wawili, Devra Langsam na Sherna Comerford. Lakini kipindi chenyewe kilipokaribia kufutwa, aliyejitosa kukiokoa alikuwa Bjo Trimble, na Trimble alikuwa amehudhuria kongamano lake la kwanza Chicago mwaka 1952, lile la Julian May, akiwa bado katika jeshi la majini. Mwaka 1960 alianzisha maonyesho ya michoro katika kongamano la Pittsburgh. Kufikia majira ya baridi ya 1967 alijua, kwa mazoea ya miaka, jinsi ya kukusanya anwani, kutunga waraka, na kumfanya msomaji asiyemjua ashike kalamu. Yeye na mumewe John waliwaandikia mashabiki wakiwapa kanuni moja: andika barua kwa NBC, shirika la televisheni lililokirusha kipindi, kisha waombe watu kumi waandike, na kila mmoja wao aombe kumi. Barua zikamiminika. Tarehe 1 Machi 1968, kipindi kilipomalizika, NBC ilitangaza hewani kwamba Star Trek itaendelea.